Kabureta kubwa yaleta hasara

Mwekezaji mdogo anayenunua Chevrolet kuukuu nchini Marekani ili aitengeneze na kuiuza kwa faida, mara nyingi hupoteza fedha zake juu ya injini. Hubadili manifoldi ya hewa na kabureta, gari likawa zito kuondoka na lenye kunywa petroli. Mnunuzi akilijaribu mara moja, harudi.

Mfano ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, iliyoanza na Camaro ya mwaka 1967 na ambayo imejaa katika soko hilo. Dukani mteja huonyeshwa kabureta ya kupitisha futi za ujazo 600 za hewa kwa dakika, na nyingine ya 750. Wengi huchukua ya 750, kwa imani kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu.

Hesabu inakataa. Zidisha 350 kwa mizunguko 5,500 kwa dakika, kisha gawanya kwa 3,456: jibu ni futi 557. Injini ya kawaida ya barabarani hujaza silinda zake kwa asilimia 85 hivi, kwa hiyo inahitaji futi 473 tu. Kabureta ya 600 inatosha na kubakiza. Ile ya 750 ingetumika yote iwapo injini ingefika mizunguko 7,400, tena silinda zikijaa kabisa. Katika mwendo wa kawaida hewa hupita polepole kwenye koo pana, haivuti petroli sawasawa, na dereva akikanyaga mafuta gari husita.

Rochester Quadrajet, iliyofungwa kiwandani katika Chevrolet nyingi, haifuati kanuni hiyo. Uwezo wake ni 750 hivi, lakini matundu mawili ya mbele ni madogo, na ya nyuma hupitisha hewa kwa kadiri injini inavyodai. Aliyeikuta nzima asiitupe. Wakusanyaji wa magari ya kale hupenda vifaa vya asili na huvilipia.

Kwa manifoldi, gari la barabarani linafaa yenye njia za hewa za ghorofa mbili. Ya ghorofa moja ni ya mashindano.

Mtego mkubwa zaidi ni silinda hedi, maana injini nyingi kuukuu zimekwisha kuchanganywa vipuri. Hedi za hadi 1986 hushika manifoldi kwa bolti 12. Za chuma za 1987 hadi 1995 zina bolti nne za katikati zenye pembe tofauti. Za Vortec, zilizoanza 1996, zina bolti 8. Manifoldi ya moja haikai juu ya nyingine bila kutobolewa upya, na iliyokwisha kutobolewa hairudishwi dukani. Mnunuzi asome kwanza namba iliyochorwa kwenye hedi.

Apime pia nafasi chini ya boneti. Mafundi huweka bonge la udongo laini juu ya chujio la hewa, hufunga boneti taratibu, kisha huangalia udongo umebaki unene gani.