Mbwa wa marehemu ni wa nani?

MTU akifariki, ndugu hukaa kikao. Shamba hupata mwenyewe, baiskeli hupata mwenyewe, hata masufuria hugawanywa. Mbwa hatajwi. Matanga hayajaisha, tayari anazurura jalalani na majirani wanaulizana ni nani atakayemtegea sumu.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Nafuga mbwa wa ulinzi hapa Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Wateja wangu ni wenye maduka wa Mponela na Lilongwe. Kila mnunuzi nampa sharti moja: ukishindwa kumfuga, au Mungu akikuchukua, mbwa arudi kwangu. Tunaliandika nyuma ya kadi ya chanjo. Wengi hucheka.

Mwaka jana alifariki mteja wangu wa Mponela, mnunuzi wa mahindi. Baada ya mazishi mjane wake alinipigia simu. Mbwa hali, anabweka usiku kucha, na shemeji zake wanataka auawe. Yeye mwenyewe anahamia Lilongwe kwa dada yake, chumba kimoja cha kupanga.

"Kaka, yale maandishi yako bado yapo?" aliuliza.

"Yapo, dada. Nakuja."

Nilichukua kibali cha kutoka kambini nikaenda. Kondakta wa basi alikataa katakata kumpakia, tukarudi juu ya lori la mahindi. Niliomba pia shati kuukuu la marehemu nikamtandikia, kwani mbwa hutulizwa na harufu anayoijua. Nilimtenga na wenzake wiki mbili, akachanjwa tena, na kila jioni nikamwekea nsima na usipa saa aliyozoea. Siku ya nne alikula.

Jambo hili si la huruma tu. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, ambacho Wamalawi hukiita chiwewe, huwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mgonjwa kupona. Shirika la Afya Duniani linashauri asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa asiye na mwenyewe atapelekwa na nani?

Dunia humsifu Hachiko wa Japani, aliyemngoja profesa wake katika stesheni ya Shibuya tangu mwaka 1925 hadi alipokufa mwaka 1935. Wachache humkumbuka mtunza bustani aliyempokea nyumbani kwake.

Hapa kambini, si kifo peke yake kinachoacha mbwa yatima. Familia zilipokuwa zikihamishiwa Marekani na Kanada, mbwa wao walibaki mlangoni.

Basi wewe unayefuga, mtaje leo atakayemchukua mbwa wako, mbele ya mashahidi. Nawe unayeuza, kubali kumpokea uliyemuuza. Huyu wa Mponela simuuzi tena. Na jina la kijana wangu nimeshaliandika kwenye kadi yake.