Kazi ya kufanyia nyumbani: angalia vizuri mbele ya kutuma feza

Katindo, saa moja ya jioni. Simu inalia: feza imefika kutoka Rubaya. Papa ametuma dola 40 kwa simu. Ni chakula, minerval ya watoto, makala ya kupikia, na kitu kidogo cha kumpa mwenye nyumba. Dakika chache nyuma, katika simu hiyohiyo, unaingia ujumbe mwingine kwa WhatsApp: « Tunatafuta watu 50 wa kufanyia kazi ku nyumba. Diplome haiombwe. Dola 25 kila siku. Dossier ni dola 30 tu. Nafasi zinaisha leo. »

Mtoto mkubwa anasoma, anamuonyesha mama: « Mama, minapata kazi. Banaomba tu dola makumi tatu, kesho ninaanza. » Mama anahesabu. Dola 30 kwa 40. Kama ni kweli, papa anaweza kupumzika kidogo na shimo. Kama ni bongo, nyumba italala na njaa na watoto watafukuzwa ku masomo.

Hadithi hii tumeitunga kama mfano, lakini hakuna avenue hapa Katindo ambayo haitaitambua. Kwa hiyo tuizungumzie polepole, na wewe papa uliye kule mlimani pia, juu ya feza ya kulipa dossier mara nyingi inatoka ku jasho lako.

Kwa nini watu wanaamini

Mutu anayedanganywa si mjinga. Ana haja. Tangu mwezi wa kwanza wa 2025 banki za Goma zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Katika mwaka ule, Marekani ilipokata msaada wake, mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi. Vijana wenye diplome wanakaa nyumbani. Kule machimboni, mvua ikinyesha udongo unabomoka, na kila familia ya mchimbaji inajua uzito wa simu inayolia usiku. Mutu akikuambia kuna kazi isiyo na shimo, isiyo na barabara mbaya, unaifanya ukiwa umekaa ku kiti chako, moyo unataka kukubali.

Wezi wanajua hayo yote. Tena wanajua kwamba siku hizi feza nyingi ya Goma inapita ndani ya simu. Zamani mwizi alipaswa kuvunja mlango. Leo anaomba tu, na wewe mwenyewe unamtumia.

Mtego unavyotegwa

Kuna mitego ya namna tatu ambayo inafaa kuijua.

Wa kwanza ni wa dossier. Wanatumia jina la shirika linalojulikana, wanabandika alama yake, wanaomba feza ya fomu, ya mafunzo, ya badge ao ya uniforme. Ukilipa, wanaomba nyingine. Ukichoka, namba inazimwa. Kumbuka jambo moja: Umoja wa Mataifa unasema wazi kwamba hauombi malipo yoyote, katika hatua yoyote ya kuajiri. Kwa hiyo anayekuomba dola hata moja kwa jina la Unicef, PAM ao HCR ni mwizi, hata kama anaongea kifaransa kizuri namna gani.

Wa pili ni wa « kazi ndogondogo ». Wanakuambia uangalie video, upende picha, uhesabu nyota. Siku ya kwanza wanakulipa kweli: dola 2, dola 3. Unafurahi, unawaita ndugu zako. Ile feza ndogo ni chambo. Nyuma yake wanakuambia: ili upate zaidi, weka dola 20, kisha 50, kisha 100. Ku simu unaona namba yako inapanda, dola 300, dola 400. Siku ya kuitoa wanasema kuna kodi ya kulipa kwanza. Ile namba haikuwa feza hata siku moja. Ilikuwa maandishi tu.

Majirani zetu wameyaona. Mwanzoni mwa 2025, polisi ya Tanzania ilikamata watu wa mpango uliojulikana kama LBL, ambapo watu waliweka feza kwanza ili « wafanye kazi » ya kuangalia matangazo ku simu. Na sisi wenyewe hatukuanza jana. Wazee wanaikumbuka Bindo, kule Kinshasa, wakati wa Zaïre. Watu walipeleka akiba yao ili izae mara nyingi, wa kwanza wakalipwa na feza ya wa nyuma, na 1991 yote ikaanguka. Wakati ule hapakuwa WhatsApp. Mtego ni uleule, umebadilisha tu nguo.

Wa tatu ndio mbaya zaidi. Wanakuambia kazi yako ni kupokea feza ku namba yako na kuituma kwa mutu mwingine, ubaki na sehemu yako. Hiyo feza mara nyingi imeibwa. Siku ya kutafuta mwizi, jina litakaloonekana ni lako. Wengine wanaanza na kazi ya « ku ordinateur » kisha wanakutolea tiketi ya ndege. Mwaka 2025 Wakenya na Waethiopia walikuwa kati ya watu waliotolewa ku mpaka wa Myanmar na Thailand, kwenye majumba ambako walilazimishwa kudanganya watu wengine kwa intaneti. Wengi walikuwa wameahidiwa kazi nzuri.

Kazi ya kweli iko, lakini haifanani na ile

Je, kazi halali ya nyumbani haiko? Iko. Lakini inaomba ujuzi, inalipa polepole, na hakuna anayekukimbiza ili uikubali leo.

Kuna kutafsiri na kuandika maneno yaliyorekodiwa. Hapa Kivu ya Kaskazini, wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, ilionekana wazi kwamba vikaratasi vya kifaransa na vya kiswahili cha mbali havikueleweka na kila mutu. Shirika la Translators without Borders lilifanya kazi katika kiswahili cha Congo, kinande na lugha nyingine za huku. Mutu anayejua kuandika vizuri kifaransa na kiswahili chetu ana kitu cha kuuza, hata kama haoni.

Kuna kazi ya kupanga picha na maneno ili kufundisha mashine. Huko Nairobi maelfu ya vijana wameifanya. Lakini sikia na upande wa pili: mwezi wa kwanza wa 2023, jarida la Time lilionyesha kwamba wafanyakazi wa Sama, waliosafisha maandishi kwa ajili ya OpenAI, walipata chini ya dola 2 kwa saa. Na mwezi wa tatu wa 2024, Remotasks ilifunga kazi zake Kenya ghafla, watu wakaamka hawana kitu. Basi, kama kazi ya kweli, yenye kampuni kubwa nyuma yake, ililipa chini ya dola 2 kwa saa, nani atakulipa dola 25 kwa siku kwa kuangalia video?

Na kuna kazi ya nyumbani isiyohitaji mzungu wala mega nyingi: kushikia duka daftari la hesabu, kuandikia watu barua na CV, kufundisha watoto wa jirani, kushona, kuuza bidhaa kwa picha za WhatsApp na kupeleka kwa moto ao kwa chukudu. Haina jina kubwa, lakini mteja wako unamjua na feza unaiona.

Ukipata kazi na mutu wa mbali, uliza jambo moja mbele ya kuanza: feza itanifikia namna gani hapa Goma? Kama anasema banki, na kama banki bado zimefungwa, mtafute njia nyingine mapema. Fanya kwanza kipande kidogo, ulipwe, ndipo uendelee.

Maswali matano ya kujiuliza

Mchimbaji haamini jiwe kwa sababu linang'aa. Analishika, anasikia uzito, analipima. Ufanye vilevile na kazi.

Moja: feza inatembea upande gani? Kule ku shimo, PDG ndiye anayetanguliza chakula na vifaa, wachimbaji wanalipia ku mavuno. Hakuna anayemlipa PDG ili aruhusiwe kuchimba mbele ya kuona hata mfuko mmoja. Kazi inayokuomba feza kwanza imegeuza mambo.

Mbili: ofisi iko wapi? Kama ni shirika lililo hapa Goma, nenda mpaka ku geti, uliza sentinelle kama kweli wanaajiri. Usitumie namba iliyo ndani ya ujumbe. Matangazo ya kweli ya mashirika yanaonekana ku ReliefWeb na MediaCongo, na ONEM ndiyo ofisi ya serikali ya mambo ya kazi.

Tatu: wanaomba nini juu yako? Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money haipewi mutu, hata anayesema yeye ni wa kampuni ya simu. Picha ya kadi ya mpiga kura pia usiitume ovyo.

Nne: kwa nini haraka hivi? Kazi ya kweli ina tarehe ya mwisho. « Leo tu » ni neno la mwizi.

Tano: nani ameshalipwa, na unamjua? Katika likelemba tunajua mlango wa kila mutu. Kama shahidi ni jina ndani ya grupu tu, huyo si shahidi.

Kama umeshaliwa

Acha kutuma, hata kama wanasema « ongeza kidogo tu ili utoe yote ». Piga mara moja ku huduma ya kampuni yako ya simu, omba wazuie feza kama haijatolewa. Weka picha za ujumbe, namba na risiti. Escroquerie ni kosa katika sheria ya Congo, na Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 imegusa pia makosa ya intaneti. Lakini tuseme ukweli: kurudisha feza ni vigumu. Na akija mwingine kusema « nipe dola 20 nikurudishie ile yako », huyo ni mwizi wa pili.

Jambo la mwisho ni la ndani ya nyumba. Wengi wanaficha kwa haya. Mama anaogopa papa, kijana anaogopa wote wawili, na kwa kuficha wanakopa ili kufukia shimo. Papa, ukisikia feza imeliwa, usianze na matusi. Ukitukana, safari ijayo hawatakuuliza mbele ya kutuma. Mwekeane sheria moja ndogo: ombi lolote la feza kwa ajili ya kazi linalala siku tatu, na watu wawili wa nyumba wanaliangalia. Kazi ya kweli itakungoja siku tatu. Mwizi hatangoja.