Utamu wa kimea unavyoficha makali ya bia ya Traquair

MNYWAJI anayeonja bia ya Traquair House Ale kutoka Scotland kwa mara ya kwanza huenda akadhani imetiwa sukari guru. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, yenye wekundu kwa mbali. Kabla haijagusa ulimi, hutoa harufu inayokumbusha tende, zabibu kavu na mkate uliochomwa.

Utamu huo asili yake ni kimea cha shayiri. Nafaka hiyo hulowekwa hadi ichipue, kisha hukaushwa kwa joto. Kuchipua huzalisha vimeng'enya ambavyo, kimea kikishasagwa na kutiwa maji moto, huugeuza wanga kuwa sukari. Chachu nayo hula sehemu kubwa ya sukari hiyo na kutoa kileo na gesi. Inayosazwa ndiyo huupa ulimi utamu. Wapishi wa busaa magharibi mwa Kenya wanaijua vyema kazi hiyo, kwani wao hutumia kimea cha wimbi.

Katika bia ya Traquair, kimea kingi ni cheupe. Huongezwa shayiri kidogo tu iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, nayo huleta weusi na ladha ya mbali ya chokoleti. Aidha, bia hiyo huchachushwa katika vyombo vya mbao za mwaloni, kwenye jumba la kale la Traquair karibu na mji wa Innerleithen. Kiwanda hicho cha karne ya 18 kilikuwa kimeachwa kwa miaka mingi hadi mwenye jumba, Peter Maxwell Stuart, alipokifufua mwaka wa 1965.

Bia ya namna hii haifai kunywewa ikiwa baridi sana, kwa kuwa baridi hufifisha harufu. Mwonjaji huimimina katika bilauri, huinusa, kisha hupiga funda dogo na kulizungusha kinywani. Utamu hutangulia, uzito wa kimea hufuata, na mwishoni uchungu wa mmea wa hopsi huukata utamu huo usije ukakinaisha.

Hata hivyo, ladha hiyo laini inaweza kumhadaa mnywaji. Bia hiyo ina kileo cha asilimia 7.2, hivyo chupa yake ndogo ya mililita 330 ina takriban mililita 24 za kileo halisi. Chupa ya Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Yaani, chupa ndogo imeishinda kubwa.

Kwa hivyo, anayehesabu chupa pekee atapotoka, na anayeutegemea ulimi atapotoka zaidi. Kipimo cha kuaminika ni asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, ambayo yafaa isomwe kabla ya kizibo kufunguliwa.