Tumbo Likiuma, Je, Kisu Ndiyo Dawa?

Kibera na Kawangware, mwenye kuumwa tumbo mara nyingi huambiwa ni ameba, homa ya matumbo au vidonda. Haambiwi kwamba kuna utumbo unaosumbuka upesi: hukaza, hujaa gesi, leo kuhara, kesho kufunga choo, na vipimo visionyeshe kitu. Maumivu hayo si ya kujitia!

Utafiti wa Longstreth na Yao huko San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha wagonjwa hawa wametolewa kibofu cha nyongo mara 3 zaidi ya wengine. Kidole tumbo na mji wa mimba, mara 2. Wapo wanaochangiwa na jamaa, wakapasuliwa, maumivu yakabaki palepale. Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari ameona nini hasa. Lakini maumivu makali chini kulia, pamoja na homa na kutapika, hayangoji kesho.