Je, Wajua? Moyo ukisimama, dawa nayo ina wakati wake

• Moyo ukisimama ghafla, ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika chache kwa kukosa oksijeni.

• Dawa kuu ya dharura ni adrenalini. Mtu mzima huchomwa miligramu 1 kwenye mshipa, na hurudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Hubana mishipa ya damu ili damu nyingi zaidi iufikie moyo wenyewe.

• Mashine ya kusoma mapigo ya moyo ikionyesha kwamba mshtuko wa umeme hautasaidia, adrenalini hutolewa mapema iwezekanavyo. Mshtuko ukifaa, ndio hutangulia. Mwongozo wa Ulaya huiweka adrenalini baada ya mshtuko wa tatu.

• Utafiti wa PARAMEDIC2, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu wagonjwa zaidi ya 8,000 wa Uingereza ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali. Baada ya siku 30, asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini walikuwa hai. Waliopewa maji ya chumvi badala yake, asilimia 2.4. Lakini ulemavu mkubwa wa ubongo ulionekana zaidi kwa manusura wa adrenalini. Dawa iliwafikia wengi dakika 20 hivi baada ya simu ya dharura kupigwa.

• Hivyo basi, usingoje sindano. Ukimwona mtu ameanguka, haitiki wala hapumui kawaida, omba msaada na ukandamize katikati ya kifua chake: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono yako ndiyo tiba ya kwanza.