TAA INAYOWAKA HADI ALFAJIRI: MTIHANI WA HESABU ZA BIMA KATIKA NYUMBA YA ASKARI

Askari atokaye zamu alfajiri na kukuta taa ya sebuleni ingali inawaka, wazo la kwanza limjialo ni kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Ndivyo alivyowaza bwana mmoja wa Muyinga usiku alioingia na viatu vyake vimejaa matope. Mgonjwa hakuwako. Alikuwako mdogo wake tu, amejiinamia mezani, mbele yake daftari tatu na kikombe cha chai iliyokwisha poa, anasoma sheria za bima.

Mke wa askari huyo ndiye aliyenisimulia habari hii, na kwa hakika hakuisimulia kwa furaha. “Shemeji anakula, shemeji analala mchana, shemeji anamaliza taa,” alisema. “Basi nielezwe huo mtihani ni wa nini, na sisi tutapata nini.” Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu kamili, kwani nyumba inayomsaidia mtu kusoma pasipo kujua anasoma nini haiwezi kuvumilia muda mrefu.

Kijana huyo anataka kuwa mtakwimu bima, yaani yule mtaalamu anayekadiria hasara ambazo bado hazijatokea. Kazi hii si ya jana. Chuo cha wataalamu hao kilianzishwa London mwaka 1848, na kingine Edinburgh mwaka 1856. Viwili hivyo viliungana mwaka 2010. Huko Marekani, chama cha wale wanaoshughulika na bima za ajali na mali kilianzishwa mwaka 1914, na miongoni mwa mitihani yake umo mmoja juu ya usimamizi wa bima na utoaji wa taarifa za fedha. Huo ndio ulioitesa taa ya shemeji.

Wengi hudhani kwamba mtihani wa namna hii ni wa hesabu tupu. Sivyo. Hesabu zake nyingi ni za kujumlisha na kutoa. Ugumu wake uko katika kuelewa jambo moja ambalo wafanyabiashara wengine hawakutani nalo. Mama auzaye maharage sokoni anajua ameyanunua kwa bei gani kabla hajayauza. Kampuni ya bima huuza kwanza, ikaja kujua gharama yake baadaye, pengine baada ya miaka mitatu, kesi ikiisha mahakamani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Waendesha pikipiki 1,000 wanalipa bima ya mwaka mmoja, tangu tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, kila mmoja faranga 100,000. Kampuni imepokea faranga milioni 100. Katika mwaka huo imelipa madai ya milioni 60, na mishahara, pango na gharama nyinginezo milioni 20. Mkurugenzi anatazama sanduku, anaona milioni 20 zimebaki, anaagiza gari jipya. Walakini iko ajali iliyotokea mwezi wa Desemba kwenye barabara ya Kobero. Wenye msiba bado wako matangani, karatasi za polisi hazijakamilika, na dai litaletwa mwezi wa Machi. Ziko na nyingine zilizokwama kwa hakimu. Mtakwimu bima anazikadiria zote kuwa milioni 35. Basi ile “faida” ya milioni 20 kumbe ni hasara ya milioni 15, na gari limekwisha nunuliwa kwa fedha ya wajane.

Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya mtihani. Linalofuata ni ndugu yake: ada isiyokwisha stahili. Mtu akilipa faranga 100,000 tarehe 1 Oktoba kwa mwaka mzima, ifikapo mwisho wa Desemba kampuni imestahili robo tu, yaani 25,000. Hizo 75,000 zilizobaki bado ni amana ya mteja. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023, Kiwango cha 17 cha kimataifa cha taarifa za fedha kimelitia jambo hili mkazo zaidi katika nchi zinazokifuata: faida inayotazamiwa katika mkataba haionyeshwi siku ya kwanza, bali kidogo kidogo kadiri huduma inavyotolewa, lakini mkataba ukionekana utaleta hasara, hasara hiyo huandikwa mara moja. Kijana alinieleza hayo kwa maneno mepesi: raha hugawiwa taratibu, shida huhesabiwa papo hapo.

Sasa swali la mama: sisi tutapata nini? Tutazame kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2005 kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na matatu wengi katika daftari zake, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria kwa kuwa haikuweza kulipa madai. Mwaka 2011 Blue Shield nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Wenye magari waliokuwa wamelipa ada zao kwa uaminifu waliona vyeti vyao vimegeuka karatasi tu, na majeruhi waliokwisha shinda kesi wakakaa na hukumu isiyo na fedha. Ndiyo maana serikali huweka wasimamizi wa bima: ili mtu mwenye elimu atazame vitabu kabla ya siku ya kilio, aulize akiba iko wapi, na kama sehemu ya hasara kubwa imegawanywa kwa kampuni za bima mtawanyo.

Hapa Burundi mambo hayo yanatugusa zaidi ya tunavyodhani. SOCABU ilianzishwa mwaka 1977, na Mfuko wa Matibabu wa Watumishi wa Serikali mwaka 1980; kitabu cha sheria ya bima kilitolewa tarehe 7 Januari 2014, na msimamizi wake ni ARCA. Sheria hiyo iliagiza bima za maisha zitengwe na bima za ajali na mali, ili akiba ya mzee iliyowekwa miaka 20 isije ikalipia bamba za magari. Nayo Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, iko juu ya njia ya malori yatokayo Dar es Salaam kupitia Kobero. Polisi wa mpakani anaijua ile Kadi ya Manjano ya COMESA, inayomwezesha dereva wa nchi moja kuwa na bima ya ajali katika nchi ya pili. Kadi hiyo ina thamani ikiwa tu nyuma yake iko kampuni yenye uwezo wa kulipa.

Turudi mezani. Desturi iliyozoeleka miongoni mwa watahiniwa wa mitihani hii ni saa 100 za kusoma kwa kila saa moja ya mtihani. Mtihani wa saa nne wataka basi saa 400. Mtu anayesoma saa mbili kila usiku, siku sita kwa juma, atahitaji karibu miezi minane. Hesabu hiyo ilipasa kufanywa na nyumba nzima mwanzoni, si baada ya ugomvi. Nilimshauri kijana asome saa mbili kabla ya mapambazuko badala ya kukesha, na mchana afanye kazi kama wenzake. Taa ikikatika, afunge kitabu na kujisemea kwa sauti aliyoyasoma jana. Askari hufungua na kufunga bunduki gizani kwa kuwa mikono yake imekwisha kuzoea. Fahamu nazo huzoea hivyo hivyo.

Kosa kubwa alilokuwa nalo, na nadhani ni la wengi, ni kusoma tu pasipo kuandika. Alikuwa amepiga mistari chini ya maneno mpaka ukurasa mzima umekuwa mwekundu. Mtihani hauulizi umepiga mistari mingapi. Ukiambiwa “taja sababu mbili”, taja mbili, usiandike ukurasa. Ukiambiwa “linganisha”, hapana budi useme pande zote. Achukue swali la mwaka uliopita, aweke saa mbele yake, ajibu, kisha shemeji yake amwulize kwa kutazama majibu. Hahitaji kuijua bima. Ajue kusoma tu. Mama alicheka, akasema hilo ataliweza.

Jambo moja nililisema wazi, na kijana hakulipenda. Mtihani wa Marekani humtaka mtahiniwa ajue jinsi Mahakama Kuu ya huko ilivyoamua mwaka 1944 kwamba bima iko chini ya serikali ya shirikisho, na jinsi sheria ya mwaka 1945 ilivyoirudisha mikononi mwa majimbo. Ni elimu nzuri. Lakini atakayekaa Gitega au Bujumbura akikagua hesabu za kampuni za hapa atatumia sheria ya 2014 na marekebisho yake, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Isitoshe, katika nchi za desturi ya Kifaransa jina la mtakwimu bima hupatikana zaidi kwa shahada ya chuo kuliko kwa mfululizo wa mitihani. Asiziache daftari zake. Walakini sheria ya nchi yake iwe juu ya meza hiyo hiyo, na asome vipande viwili vyake kila Jumapili.

Wanaoanguka katika mitihani hii ni wengi, mara nyingi kuliko wanaoshinda, na ada hulipwa upya. Kwa hiyo mume na mke walikubaliana mbele yangu: fedha ya mara ya kwanza itatoka katika akiba ya nyumba, ya mara ya pili, ikibidi, kijana ataitafuta mwenyewe. Mafuta ya taa yameandikwa katika daftari la matumizi, mstari wa peke yake, chini ya sabuni.