Sura ya Tatu: Nani Anaweza Kusubiri?

Mkulima wa korosho wa Newala, kusini mwa Tanzania, anajua fika kwamba mnadani bei huwa nzuri kuliko kwa mnunuzi wa kangomba. Anajua pia kwamba kangomba, yaani kuuza korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya msimu na kwa bei ya kutupa, imepigwa marufuku. Hata hivyo anapokea fedha za mtu anayepita nyumba kwa nyumba, na korosho zinapata mmiliki mpya zikiwa bado maua. Kwa nini?

Nadharia kongwe ya soko inajibu kwamba mkulima amepima faida na hasara, akaona shilingi ya leo inamfaa kuliko shilingi mbili za Novemba. Jibu hilo lina ukweli, ila halisemi ni nini kilichomfikisha kwenye uchaguzi mgumu namna hiyo.

Hapo ndipo inapoingia nadharia ya taasisi. Sisi tukisikia “taasisi” tunafikiria jengo lenye kibao mlangoni. Mwanauchumi Douglass North, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alimaanisha kanuni za mchezo: sheria zilizoandikwa pamoja na mila zisizoandikwa. Kabla yake, mwaka 1937, mwanauchumi mwenzake Ronald Coase alionyesha kuwa kulitumia soko kuna gharama zake: kutafuta bei, kupatana, kuandikiana mikataba. Stakabadhi ghalani, iliyoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, ililenga kupunguza gharama za aina hiyo. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unaingia ghalani, wanunuzi wanashindana mnadani. Kwa nadharia hii, kangomba itakufa siku njia rasmi itakapokuwa nyepesi. Malipo yakichelewa na makato yakiongezeka, itafufuka.

Lakini nani anaandika kanuni? Mtaalamu wa siasa Robert Bates aliuliza swali hilo mwaka 1981. Alieleza kuwa katika nchi nyingi za Afrika bodi za mazao zilimlipa mkulima bei ya chini kwa sababu iliwanufaisha wenye sauti serikalini, huku wakulima, waliotawanyika vijijini, wakishindwa kusema kwa pamoja. Mtaalamu mwenzake Goran Hyden, aliyeichunguza Tanzania, aliona upande wa pili: mkulima mwenye shamba lake na ndugu wa kumsaidia ana uwezo wa kuiponyoka dola.

Historia ya korosho inawapa wote wawili ushahidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengi wakawa mbali na mikorosho yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Bei ikawa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mkulima hakuandamana, aliacha mikorosho imezwe na pori. Dola ilikuwa na nguvu ya kupanga bei, lakini haikuwa na nguvu ya kumlazimisha kupalilia.

Mwaka 2018 dola ilijaribu tena kupanga bei: bei za mnadani zilikataliwa na wakulima, Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kusomba korosho. Kabla ya malipo ukafanyika uhakiki wa mashamba ili kuwabaini wa kangomba. Kanuni zilibadilika kwa siku chache, lakini hitaji linalomsukuma mkulima kwa mnunuzi wa kangomba lilibaki palepale.

Hitaji hilo huanzia shambani kwenyewe. Mkorosho unapochanua unadai salfa ya kuzuia ubwiriunga, nayo inatakiwa miezi kadhaa kabla ya fedha za mavuno. Hapohapo mtoto anadai sare na mgonjwa anadai nauli ya hospitali. Mnunuzi ana akiba, kwa hiyo anasubiri. Mkulima hana, kwa hiyo anauza.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo cha nguvu ambacho nadharia ya soko na ile ya taasisi hazikukipa uzito wa kutosha: mwenye uwezo wa kusubiri ndiye anayepanga bei, hata pale sheria inaposema vingine. Ukitaka kuiondoa kangomba, usianze na kizuizi cha barabarani. Mfikishie mkulima salfa na mkopo nafuu kabla ya maua, kisha umlipe kwa wakati.